Mgongo Nisioujua Uso Wake

Binti yangu alikaa duniani zaidi ya miezi miwili bila jina, na kosa lilikuwa langu. Nyumbani kila mtu alimwita "mutoto" tu, na mama mkwe wangu akikasirika alimwita "mugeni". Nilisema jina la mtoto huyu liko mjini, kuna mtu anatembea nalo, na sitampa jingine mpaka nimpate mtu huyo. Mume wangu alikuwa kazini Shabunda. Alipiga simu siku alizobahatika kupata mtandao, na kila mara swali lake la kwanza lilikuwa kama mtoto amekwishapata jina.

Ili nieleweke, inabidi nianze na mvua.

Mimi ni mshonaji. Wakati ule tulikaa Kadutu, upande ambao mlima unashuka kwa hasira, katika nyumba ya mbao na mabati iliyobandikwa kwenye udongo mwekundu. Anayeijua Bukavu anajua tunavyoishi: mlango wako unatazama bati la jirani wa chini, na jirani wa juu akimwaga maji ya vyombo, unajua wamekula nini. Barabara ilikuwa juu yetu, na njia ya kuifikia ilikuwa ngazi za udongo tulizozichimba wenyewe kwa jembe. Nilikuwa na mimba ya miezi minane. Tumbo lilikuwa limetangulia mbele hata cherehani nilikuwa naikalia ubavu.

Mvua ilianza asubuhi na haikutaka kuacha. Kama saa tisa mchana, ukingo wa udongo nyuma ya jikoni ulishuka. Watu wakisimulia mambo haya husema kulikuwa na kishindo. Mimi nilisikia kama mtu anaburuta mzigo mzito sakafuni, kisha ukuta wa jikoni ukaja juu ya meza, na meza ikaja juu ya mguu wangu. Niliuchomoa mguu, lakini kifundo kilikuwa kimegeuka, na nilipojaribu kukikanyaga nilipiga kelele peke yangu ndani ya nyumba.

Nilijikokota mpaka mlangoni, nikafungua. Ngazi hazikuwapo. Upande wa kushoto korongo letu, ambalo kiangazi ni la kutupia maganda ya ndizi, lilikuwa limejaa tope linalotembea na mbao za watu, na lilikuwa linaula ua wangu kutoka chini. Nyuma ya nyumba udongo uliobaki ulikuwa umening'inia, na juu yake choo cha jirani kimeinama kutazama bati langu. Nilijiambia kwamba nikifa kwa choo cha jirani, mama mkwe atasimulia mpaka mwisho wa dunia. Ndivyo nilivyo, nikiogopa sana akili inaleta mizaha. Lakini mikono nilikuwa nimeikandamiza tumboni, nikimwambia aliyekuwa ndani anisamehe.

Juu barabarani watu walijaa. Kila mtu alikuwa na shauri lake.

"Toka, maman! Toka mbio!"

"Bakia mule! Usitoke!"

"Panda juu ya meza!"

Wengine walikuwa wametoa telefone na kunipiga picha. Sitawasema vibaya. Mwaka uliotangulia nilisimama mimi mwenyewe barabara ileile nikitazama nyumba nyingine ikienda, na nilichofanya ni kuweka mikono kichwani na kulia kama wenzangu. Mtu hajijui mpaka siku hiyo ifike, na siku yangu ilipofika nilijijua kuwa mtu wa kulia.

Sasa niwaeleze wamama wabeba mizigo, kwa wale ambao hawajawaona. Wako Nyawera, sokoni, tangu asubuhi. Mzigo unakaa mgongoni, chini ya mzigo unapita mugozi, yaani kamba pana ya kusuka, na mugozi huo unakuja mbele kushikwa na paji la uso. Shingo ndiyo inayobeba. Wanapanda milima yetu wameinama, macho yao kwenye vidole vya miguu, na wana desturi moja ambayo mji mzima unaiheshimu: aliyebeba hasimamishwi na hasalimiwi. Ukimsalimia itabidi akujibu, na akikujibu umemwibia pumzi. Yeye mwenyewe hatui katikati ya mlima, maana kuinua tena peke yako ni kazi kuliko kubeba.

Kwa hiyo nilipoona gunia la unga linatuliwa pembeni ya barabara, kwenye mvua, kabla sijamwona mwenye kulitua, nilijua kuna jambo.

Alishuka kinyumenyume, uso ameuelekeza kwenye udongo, akishika majani na mizizi. Nilichokiona ni mgongo na miguu mitupu. Kichwani alikuwa amejifunika plastiki ya bluu, ile wanayojikinga nayo mvua, imemshuka mpaka puani. Alipoingia, nyumba ilikuwa giza, dirisha limezibwa na udongo. Hakusalimia.

"Mimba ya miezi ngapi?"

"Munane."

"Basi sitakubeba kwa tumbo. Geuka. Tupeane mugongo."

Nilikaa ukingoni mwa meza, akanipa mgongo, nami nikampa wangu. Alichukua kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, akakipitisha mapajani mwangu, akafunga, kisha akapitisha mugozi chini ya makalio yangu, akauvuta mpaka kwenye paji lake. Mikono yake ilikuwa na haraka ya mtu anayefanya kazi anayoijua.

"Sikia," akasema. "Usinisaidie. Jifanye gunia. Gunia haisaidiaka mutu. Ukinisaidia, tunaanguka bote."

Akainama, na miguu yangu ikaacha sakafu.

Nilipanda mlima ule nikiwa nimetazama nyuma, ndiyo maana niliona yote isipokuwa yeye. Niliona mlango wangu ukibaki. Niliona ua ukikatika, jiwe la kufulia likienda, kisha ndoo. Nyuma ya kichwa changu kulikuwa na kisogo chake, na niliisikia pumzi yake: mbili fupi, moja ndefu, na mwisho wa ile ndefu "eh" ndogo, kama mtu aliyepewa habari ambayo alikuwa anaijua tayari. Sikumsaidia. Nilikuwa gunia.

Tulipofika mahali pasipo na jani la kushika, alisimama. Juu, mashauri yakaisha. Barabarani pale kuna mzee muuza vitenge, Mwislamu wa Uvira ambaye mababu zake walitoka pwani, mtu ambaye ukigusa kitambaa chake bila nia ya kununua anakohoa. Nilisikia sauti yake ikiita watu washike. Kisha kitambaa kikateremka kando ya bega langu, jora zima, rangi ya bluu na ndege wa njano. Nilikuwa nimekitamani kitambaa kile miezi mingi. Mama aliyenibeba akakizungusha mkononi, na watu wa juu, walewale wa telefone na mashauri, wakaanza kuvuta kwa pamoja wakihesabu kwa Kifaransa kama watoto wa shule.

Karibu na barabara akateleza. Magoti yake yalipiga chini, mimi nikainama kuelekea korongoni mpaka nikaona tope chini ya miguu yangu, na kichwa changu kikagonga kisogo chake. Nilisikia kitu kikilia shingoni mwake. Pumzi ilikatika, nikangoja, nikangoja, kisha ikarudi: mbili fupi, moja ndefu, eh. Tukaendelea.

Juu nilipokewa na mikono mingi. Walinifungua, wakanipakia kwenye moto, yaani pikipiki, kati ya dereva na mama mmoja aliyenishika mabega, twende hospitali. Kabla dereva hajawasha nilisikia ule udongo uliobaki ukishuka, na watu wakisema "Yesu" kwa pamoja. Sikugeuka kutazama nyumba. Niligeuka kumtafuta yeye, nikaona mgongo ulioinama na gunia la unga lililolowa, unapotelea kwenye kona.

Binti yangu alizaliwa wiki tatu baadaye, mzima, na sauti ya kuuza samaki. Tulikuwa tumehamia kwa mama mkwe. Nilimwambia nataka mtoto aitwe kwa jina la yule mama. Kwa kawaida jina hutoka upande wa baba, na yeye alikuwa na la marehemu mama yake, ameliweka tayari. Alifikiri kidogo, akafuta macho.

"Ni haki. Anaitwa nani?"

Nikajifanya ninamfunga mtoto nguo upya.

"Haujui jina yake?"

"Sijui hata sura yake, maman."

Alisema hajawahi kuona mtu anayeokolewa bila hata kugeuza kichwa kuangalia nani anamwokoa. Nilijaribu kumweleza habari ya kupeana mgongo. Hakuielewa mpaka tulipokaa kitandani mgongo kwa mgongo, na hapo tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Mtoto alipofikisha siku arobaini nilimfunga mgongoni, nikaanza kwenda Nyawera kila asubuhi. Nilijiamini. Kwa kazi yangu nimepima migongo mingi kuliko daktari, na wa yule mama niliubeba mwilini mwangu. Niliwaambia wamama wabeba mizigo nimtafutaye, nikamwomba mmoja wao tupeane mgongo, nijaribu tu. Alikubali kwa huruma. Wa pili akakubali kwa kucheka. Wa tatu alikaa chini kwa kicheko.

"Maman, mugongo ya batu ya hapa yote ni moja! Ni soko njo ilitushona."

Lakini nilipowasimulia jinsi alivyoteleza, kicheko kilikwisha. Aliyekuwa mkubwa wao aliniuliza kama nina hakika alianguka magoti na mugozi ukiwa bado kwenye paji.

"Nina hakika."

"Hakutupa?"

"Kutupa nini?"

Akanieleza. Kila anayeingia kazi hii jambo la kwanza anafundishwa ni hilo. Ukiteleza, unarusha kichwa, mugozi unatoka, mzigo unakwenda. "Muzigo iko na ingine," akasema. "Shingo haina ingine. Mwenye hatupi, shingo inavunjika." Mwili unajifunza mpaka unafanya wenyewe, bila kukuuliza.

"Basi, maman," akasema polepole, "hauko unatafuta mutu wa kazi. Uko unatafuta mugonjwa."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikilia njia nzima bila kujificha. Mpaka hapo nilikuwa nadhani namtafuta mtu ili nimshukuru na kuchukua jina lake, tena kwa furaha, kama anayekwenda kuchukua nguo iliyokwisha kushonwa. Kumbe huenda alikuwa amelala mahali, shingo imeharibika kwa ajili yangu, na mimi ninazunguka soko kupima migongo ya wengine. Nilimpenda mtu yule kwa namna ambayo sijawahi kumpenda mtu nisiyemjua, na niliona aibu kubwa.

Mama mkwe alichoka. Muda ambao komini, ofisi ya serikali ya mtaa, inatoa wa kuandikisha mtoto ulikuwa unakwisha.

"Mutoto haiko mbuzi ya soko, akae vile bila jina. Wiki hii ipite, kisha nitamupa ya mama yangu."

Nilikubali. Alikuwa amenivumilia vya kutosha, na jina la mama yake halikuwa baya.

Siku iliyofuata nilikuwa namwogesha mtoto, mama mkwe akapanda kutoka bombani na bidoni la maji kichwani. Nilimsikia kabla sijamwona, nikajua ni mama mkwe kwa anavyohema. Mikono yangu ikasimama ndani ya beseni. Wiki zote hizo nilikuwa natafuta mgongo, na kumbe pumzi ya yule mama nilikuwa nayo masikioni.

Lakini pumzi ile haisikiki mtu akiwa amekaa. Ni lazima awe amebeba, na awe anapanda. Nikaacha kwenda sokoni, nikaenda chini ya mlima. Nilikuwa nachagua mama mmoja, napanda nyuma yake bila neno, nasikiliza mpaka juu, kisha nashuka kungoja mwingine. Mtoto mgongoni, jua kichwani. Watu wakaanza kusema. Yule mzee wa vitenge aliniita.

"Mama fundi, kunasemwa uko polisi ya wabeba mizigo."

Nikamweleza. Akaingia ndani ya duka, akatoka na lile jora la bluu, limefuliwa na kukunjwa, alama za tope hazikutoka zote.

"Hii siuzi," akasema. "Ni yake. Mie nimeiweka hapa nikisema atapita. Lakini labda amepita mara kumi, mie sijui uso."

Kumbe tulikuwa wawili.

Siku ya nne, wiki ya mama mkwe ikikaribia kwisha, nilikuwa nyuma ya mama aliyebeba makala, mkaa wa kupikia, nusu gunia tu. Nilitaka kumwacha. Niliona haya kumfuata mwenye mzigo mdogo hivyo, kama ninamchungulia mgonjwa. Njia ikainuka, na mbele yangu nikasikia: mbili fupi, moja ndefu, eh.

Nilitaka kupiga kelele, nimshike nguo. Lakini aliyebeba hasalimiwi, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho duniani mwenye haki ya kumwibia pumzi yule mama. Nikamfuata. Mtoto akaamka akalia kwa nguvu zake zote, na yeye hakugeuka. Tulipopita dukani kwa mzee wa vitenge, aliona uso wangu. Alisimama, akaweka mkono kifuani, naye akanyamaza. Mlima ule sijawahi kuuona mrefu vile.

Juu kuna ukuta mdogo ambapo wanatua mizigo. Alitua. Alitoa mugozi polepole, kwa mikono miwili, kama anavua kitu kinachouma. Kisha akanigeukia, na aligeuka mwili mzima, mabega na kiuno pamoja, maana shingo haikuzunguka. Nilikuwa namwazia mama wa makamo. Alikuwa wa umri wangu, na ana vishimo mashavuni.

Alinitazama bila kunijua. Na angenijuaje? Mle gizani aliona tumbo tu.

"Kuko kitu, maman?"

Maneno niliyokuwa nimeyaandaa yalikuwa mengi na mazuri, na yote yalikwenda. Nikafanya kitu kimoja nilichokumbuka. Nikageuka, nikampa mgongo.

"Tupeane mugongo," nikasema.

Nilikuwa nimesahau kwamba mgongoni mwangu sasa kuna mtu. Nilisimama nikitazama barabara, na nyuma yangu nikasikia pumzi yake ikikatika kama ilivyokatika siku ile. Kisha mkono mgumu ukapita kando ya shingo yangu kumgusa mtoto, na mtoto akanyamaza.

"Iko yeye?" akauliza. "Njo ile tumbo?"

"Njo yeye."

Mara ya pili sikuona uso wake, na nadhani hakutaka nimwone. Tulikaa hivyo. Ndipo nilipomuuliza kwa nini hakutupa mugozi.

"Kichwa ilikuwa inaenda," akasema. "Nilisikia inaenda yenyewe. Lakini nilikuambia usinisaidie, na weye ulinisikia. Nilianguka, haukujishika, haukulia, haukufanya kitu. Mutu akikuamini vile, utamutupa namna gani?"

Sikumwambia kwamba mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika tumbo, na kwamba sauti ilikuwa imenikauka. Labda ni kitu kimoja.

"Anaitwa nani?" akauliza.

"Bado. Tulikuwa tunakungoja. Sema jina yako."

Alicheka kwanza, akadhani mizaha. Kisha akalisema, kwa sauti ndogo, kama mtu ambaye hajaulizwa jina muda mrefu. Kesho yake tulikwenda komini, mama mkwe akiwa mbele na mwavuli. Jina lenyewe hapa sitaliandika, maana aliniomba hivyo. Lile jora la bluu nililishona: blauzi yake, gauni dogo, na kipande cha kubebea mtoto. Mzee wa vitenge alikuja kupima mishono kwa macho na hakukohoa.

Mtoto sasa anatembea. Yule mama hupita kwetu Jumamosi jioni akimaliza kazi, na bado anabeba nusu mzigo, maana shingo haikurudi ilivyokuwa. Chakula kikiiva ninaita jina moja uani, na wanaitika wawili. Mkubwa hugeuka mwili mzima, mabega na kiuno pamoja. Mdogo, kwa kuwa ndivyo alivyomwona, naye hugeuka hivyohivyo, mwili mzima, na shingo yake haina shida yoyote.